Bwana Shamba Aliyenasa Ngoma ya Pepo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa siku ya mkutano wetu wa mwaka. Msemaji ni mwanafunzi wa zamani, na sasa ni afisa kilimo.)

Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wetu, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, kaka zetu mliotutangulia katika madawati haya, na ninyi wadogo zangu mliokaa huko nyuma mkinusa harufu ya pilau na kuomba nisiseme sana:

Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa heshima hii. Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumzie faida ya elimu katika maisha. Nilikaa nikafikiri, nikaona jambo hilo mmekwisha kulisikia mara nyingi, na aghalabu kutoka kwa watu waliolala usingizi darasani. Nikamwomba ruhusa nizungumze habari za mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa Mwafrika. Alisomea kilimo kama nilivyosomea mimi, akapata shahada, akafanya kazi ya kilimo. Kisha akawa mtunzi wa muziki anayejulikana duniani, mmoja wa watu wa kwanza kabisa kutumia mitambo ya umeme kutunga muziki. Jina lake Halim El-Dabh, mwenyeji wa Misri.

Najua mnajiuliza, bwana shamba na muziki wapi na wapi? Tena mimi mnayenifahamu mnakumbuka kwamba katika kwaya ya shule niliombwa kwa upole nisiimbe. Nivumilieni. Mtaona mwishoni kwa nini habari hii imenikaa moyoni, na kwa nini nimeona niilete hapa.

ALIKOTOKEA

El-Dabh alizaliwa Kairo tarehe 4 Machi 1921, mtoto wa mwisho katika watoto tisa. Nyumba yao ilikuwa ya Wakopti, yaani Wakristo wa asili wa Misri. Alijifunza piano, na alijifunza darabuka, ile ngoma ya udongo yenye kiuno chembamba, ambayo ni ndugu wa dumbaki ya taarabu yetu. Kwa hiyo tangu utotoni alikuwa na mkono mmoja kwenye ala ya Wazungu na mwingine kwenye ngoma ya mtaani, wala hakuona ugomvi kati ya mikono yake miwili.

Mwaka 1932, akiwa mtoto wa miaka 11, alihudhuria pamoja na kaka yake mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Kairo. Walikuja wanamuziki wa nchi mbalimbali za Kiarabu, na kutoka Ulaya walikuja watunzi wakubwa kama Béla Bartók na Paul Hindemith. Wasomi wale walibishana sana juu ya muziki wa Kiarabu, kama uachwe ulivyo au utengenezwe upya, na nyimbo nyingi zilirekodiwa kwenye santuri. Fikirini mtoto wa rika la darasa la tano anaona watu wazima wenye madaraka wanakaa siku nyingi wakijadili nyimbo za nchi yake kama kitu chenye thamani. Jambo la namna hiyo mtoto halisahau.

Hata hivyo, alipofika umri wa kwenda Chuo Kikuu hakwenda kusomea muziki. Alisomea uhandisi wa kilimo katika Chuo Kikuu cha Kairo, ambacho wakati ule kiliitwa Chuo Kikuu cha Mfalme Fuad wa Kwanza. Wengi wenu mnajua hali hiyo. Muziki ni wa jioni, shahada ni ya kula. Kazi ya kilimo ilimpeleka vijijini, na huko, baada ya mazungumzo ya mazao na maji, alisikiliza watu wakiimba.

WAYA NA NGOMA

Sasa nifike mwaka 1944. Vita Kuu ya Pili ilikuwa bado inaendelea. El-Dabh alikuwa kijana wa miaka 23. Alikwenda kwenye kituo cha redio cha Mashariki ya Kati pale Kairo, akaazima kinasa sauti cha waya.

Wadogo zangu hamjapata kukiona chombo hicho, wala mimi sikukikuta. Kabla ya utepe wa kaseti kuenea, sauti ilinaswa kwenye waya mwembamba wa chuma uliozungushwa kwenye gurudumu. Waya ulipita mbele ya sumaku, na sumaku iliacha alama ya sauti juu yake. Waya ukikatika unaufunga fundo, unaendelea. Kilikuwa chombo kizito, cha kubebwa kwa jasho.

El-Dabh alikibeba chombo hicho akaenda kunasa ngoma ya zaar.

Zaar ni nini? Ni ngoma ya pepo. Inachezwa Misri, Sudani, Ethiopia, Somalia na hata nchi za Ghuba, na wasomi wengi wanaona asili yake ni Uhabeshi. Wachezaji wake aghalabu ni wanawake. Mtu anaumwa, dawa hazifai, inasemwa ana pepo. Wanakusanyika, unafukizwa ubani, zinapigwa ngoma, na kila pepo ana mdundo wake. Mdundo wake ukifika, pepo anapanda kichwani, anataka pete, anataka nguo ya rangi fulani. Akitimiziwa anatulia, na mgonjwa anapata nafuu.

Naona akina kaka wa Pwani wanatabasamu. Naam, sote tunaijua. Sisi tunaiita kupunga. Tuna fundi, tuna mwele, tuna kilinge, na yule anayepandwa tunamwita kiti cha pepo. Unguja wanawataja hata pepo wa Kihabeshi kwa jina lao. Kutoka Kairo hadi Unguja ni safari ndefu, lakini mwanamke wa Kairo akiletwa usiku kwenye kilinge cha mwambao angejua akae wapi.

Basi El-Dabh alinasa sauti za wanawake wale na ngoma zao kwenye waya. Mtu mwingine angeishia hapo, akaupeleka waya ule makumbusho. Yeye aliurudisha kituoni akaanza kuufanyia kazi. Palikuwa na chumba chenye kuta zinazosogezwa, ambamo sauti ikipigwa tena ilirudi na mwangwi mrefu au mfupi. Akaipiga humo, akainasa upya. Akatumia vidhibiti vya umeme kuondoa sehemu ya sauti na kubakiza sehemu nyingine.

Hili la kuondoa na kubakiza linahitaji maelezo, nami nitatumia kitu mnachokijua nyote. Pale kwenye mwembe pananing'inia rimu ya gari ambayo ndiyo kengele yetu. Ikigongwa, kwanza mnasikia kishindo cha chuma. Kishindo kinapita upesi, kisha unabaki mvumo, na ndani ya mvumo ule, ukitega sikio, kuna sauti nyingine nyembamba zinazopanda juu kama moshi. Siku zote sisi tulisikia kishindo tu, kwa sababu kishindo kilituambia tumechelewa. El-Dabh alifanya hivi: alipunguza kishindo, akazileta mbele zile sauti nyembamba. Sauti za wanawake zikabaki bila maneno na bila pumzi, zikawa kama kitu kinachovuma kutoka ndani ya ukuta. Alikuwa anaitafuta ile sauti ya ndani iliyofichwa na sauti ya nje.

Kazi ile akaiita kwa Kiarabu Ta'abir al-Zaar, yaani Maelezo ya Zaar, na mwaka huo huo wa 1944 watu waliisikia katika jumba la sanaa pale Kairo. Kipande cha takribani dakika mbili kilitolewa kwenye santuri ya siku hizi, ile ndogo ya kung'aa, mwaka 2000. Mkikisikia mtafahamu.

Naomba mzingatie mwaka. Vitabu vingi vya historia ya muziki vinaanza habari hii Paris mwaka 1948, wakati Mfaransa Pierre Schaeffer aliponasa sauti za magari moshi, akazipanga, akazitangaza redioni. Schaeffer alistahili sifa yake, kwani alibuni jina, akaandika nadharia, akajenga chuo cha watu waliomfuata. Lakini miaka 4 kabla yake, kijana wa kilimo wa Afrika alikuwa amekwisha kuingia studio na waya wenye ngoma ya pepo. Kwa muda mrefu habari hii haikuandikwa. Tusiwalaumu Wafaransa peke yao. Ni nani kati yetu aliyeiandika?

JAMBO LANGU MIMI

Ndugu Mwenyekiti, sasa naomba niseme jambo langu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa fundi. Kijijini kwetu, mtu akishindikana, aliletwa kwa bibi. Nilikua nikilala na mlio wa ngoma ukutani. Kisha nikachaguliwa kuja shule hii. Nikavaa soksi ndefu, nikajifunza kwamba mambo yale ni ya kishamba, ni giza, na mtu aliyesoma hayatazami. Sikufundishwa hivyo na mwalimu mmoja, wala simtaji mtu. Tulifundishana sisi kwa sisi bwenini, kwa kuchekana. Mvulana akisema kwao wanapunga, alipewa jina la utani, na jina lilidumu hadi kidato cha nne. Basi mimi nilinyamaza.

Likizo moja nikiwa kidato cha tatu, bibi aliletewa mwele. Akanituma nikamshikie taa kilingeni. Nikamwambia nina kazi ya jiografia. Nilikaa ndani na kitabu, nikaziba masikio kwa vidole, nikasoma habari za mito ya Ulaya. Bibi hakunigombeza. Asubuhi alinipa chai akaniuliza kama mito nimeimaliza.

Miaka ikapita. Nikaenda Chuo Kikuu, nikasomea kilimo, nikaajiriwa. Ofisi ilinipa kinasa sauti kidogo cha kaseti, cha kunasia mikutano ya wakulima ili niandike taarifa. Siku moja nilipita kijijini nacho. Bibi alikuwa mzee sana, hachezi tena, lakini nyimbo zilikuwa kichwani mwake zote. Alikiona chombo kile juu ya meza akaniambia, "Mjukuu wangu, hebu nitie na mimi humo." Nilikuwa na kaseti moja tu, na kesho yake nilikuwa na mkutano juu ya salfa ya mikorosho. Nikamwambia, "Nitakuja nayo nyingine, bibi." Akasema haya.

Masika ya mwaka 2009 bibi alifariki. Ile kaseti ya salfa ninayo mpaka leo. Upande wa kwanza na wa pili, dakika 60, ni sauti za wanaume wanabishana juu ya bei ya mfuko.

Mwezi Septemba mwaka 2017 mwenzetu mmoja tuliyesoma naye hapa, ambaye sasa ni mtangazaji, alinipigia simu usiku. Akaniambia, "Amekufa mzee mmoja huko Marekani, mtunzi, Mmisri, alikuwa mtu wa kilimo kama wewe. Sikiliza." Akaniwekea zile dakika mbili. Nilikuwa nimesimama uani. Nikakaa chini. Ilikuwa ile sauti niliyoizibia masikio, inatoka Kairo, imenaswa na kijana aliyesomea kilimo kama mimi, aliyekuwa na chombo kibaya zaidi kuliko changu. Tofauti yake na mimi ni kwamba yeye alikwenda.

MAREKANI NA UHABESHI

Nirudi kwa El-Dabh, maana sikuja hapa kujililia.

Mwaka 1949 alipiga piano muziki wake mwenyewe katika ukumbi wa Kanisa Kuu la All Saints mjini Kairo, muziki wa huzuni uliotokana na vita vya Palestina vya mwaka 1948. Watu walishangaa, na mwaka uliofuata alipata ufadhili wa kwenda kusoma Marekani. Huko alisoma kwa watunzi wenye majina, miongoni mwao Ernst Krenek, Aaron Copland na Luigi Dallapiccola. Mwaka 1958 kondakta Leopold Stokowski aliongoza New York kazi yake ya vinanda vya nyuzi na darabuka, naye El-Dabh mwenyewe akakaa mbele ya okestra akipiga darabuka. Mwaka huo huo aliandika muziki wa Clytemnestra, tamthilia ndefu ya dansi ya Martha Graham, mwanamke aliyebadilisha dansi ya Marekani.

Kisha akarudi kwenye mitambo. New York palikuwa na kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vikuu vya Columbia na Princeton. Humo mlikuwa na mtambo mkubwa wa kuunda sauti, umejaza ukuta, unaoendeshwa kwa karatasi zilizotobolewa matundu. Watunzi wengi waliofanya kazi pale walipenda hesabu. Walihesabu kila sauti, urefu wake na nguvu yake. El-Dabh aliingia mwaka 1959 na ngoma zake, filimbi zake na sauti za watu, akavichanganya na sauti za mtambo. Kazi yake iliyojulikana zaidi ni Leiyla and the Poet, ambayo asili yake ni kile kisa cha Laila na Majnuni mnachokijua. Ilitoka kwenye santuri mwaka 1964 pamoja na kazi za watunzi wengine wa kituo kile. Wanafunzi wengi wa muziki wa elektroniki walianzia kwenye santuri hiyo.

Mwaka 1961 maonyesho ya taa na sauti yalipoanza kwenye piramidi za Giza, muziki uliosikika usiku jangwani ulikuwa wake. Mwaka huo pia alichukua uraia wa Marekani. Mtu angefikiri sasa ametulia, atastarehe New York. Badala yake, mwaka 1962 alifunga mizigo akaenda Addis Ababa kufundisha katika Chuo Kikuu cha Haile Selassie.

Mnakumbuka nilisema zaar inafikiriwa ilitoka Uhabeshi. El-Dabh alikwenda kule ambako waya wake wa kwanza ulianzia. Hakwenda kuwafundisha Waethiopia piano. Mwaka 1963 alianzisha Okestra ya Ethiopia. Aliwakalisha pamoja wapigaji wa krari, wa masinko ya uzi mmoja, wa filimbi za washinti, wa begena kubwa ya sala, wa ngoma za kebero. Watu hawa walitoka makabila mbalimbali na kwa desturi hawakupata kupiga pamoja. Okestra ile iliendelea baada yake mikononi mwa wengine hadi mwaka 1975.

Aliporudi Marekani alifundisha katika Chuo Kikuu cha Howard, kisha kuanzia mwaka 1969 katika Chuo Kikuu cha Kent State, jimbo la Ohio. Hakuwa ametimiza mwaka pale, tarehe 4 Mei 1970, askari walipowapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana kupinga vita, wakaua 4 na kujeruhi 9. Mwaka uliofuata El-Dabh alitoa opera juu ya msiba ule, jina lake Opera Flies. Alibaki katika chuo kile. Alifundisha muziki wa Afrika kwa vijana wa Ohio miaka mingi, hata baada ya kustaafu mwaka 1991. Mwaka 2016, mzee wa miaka 95, alitoa muziki wa sanza uliochanganywa na elektroniki. Sanza ni ile ala ya vijiti vya chuma vya kupigwa kwa vidole gumba, ambayo Wagogo wanaiita ilimba. Alifariki mjini Kent tarehe 2 Septemba 2017, akiwa na miaka 96.

MTAMBO NA ROHO

Kuna watakaouliza, na ni haki yao kuuliza: Je, msemaji anatusifia mambo ya pepo? Sisi ni Waislamu na Wakristo, vitu hivi tumeviacha.

Jibu langu ni hili. Sikuja kuwaambia pepo wapo au hawapo. El-Dabh alikuwa Mkristo, mtoto wa Wakristo. Alikwenda kwenye zaar kama mtu anayekwenda mahali ambapo watu wenzake wanalia na kutafuta nafuu. Alitega sikio kwa adabu, akapata humo kitu ambacho hakukipata penginepo. Mtu anaweza kusimama mlangoni mwa jirani akasikiliza jinsi anavyoomba, bila kuhama dini yake. Mimi nilimkosea bibi yangu pale nilipoziba masikio. Imani yangu haikuniomba nizibe.

Pia kuna wanaosema mtambo unaua roho ya muziki. Nimesikia hata wazee wakilaumu kinanda cha umeme kwenye taarabu. Wakati mwingine wanasema kweli. Lakini mtambo ni kama jembe la trekta. Linalima pale dereva anapolielekeza. Ukielekezwa kwenye kelele utatoa kelele zaidi, na ukielekezwa kwenye ile sauti nyembamba ya rimu ya mwembeni utakusikilizisha kitu ambacho sikio tupu halikifikii. El-Dabh aliutumia mtambo kusogea karibu na sala za watu.

Jambo moja tu namlaumu, kwa heshima zote. Tunalijua jina la mtunzi. Wale wanawake wa Kairo, wenye sauti zenyewe, hawatajwi kwa majina. Hakuwa peke yake katika hilo, ndivyo ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Sisi tuna nafasi ya kufanya vizuri zaidi.

OMBI LANGU

Ndugu Mwenyekiti, namalizia.

Wadogo zangu, nawaona mnayo simu, japokuwa Mkuu wa Shule ametangaza leo kwamba hamnazo. Simu moja kati ya hizo ina uwezo wa kunasa sauti kuliko mtambo wote alioubeba El-Dabh mwaka 1944. Lakini najua zilivyojaa, maana na yangu imejaa hivyo hivyo: nyimbo za watu wa mbali na picha zetu wenyewe.

Naomba jambo dogo. Mkienda likizo ijayo, kila mmoja amnase mzee mmoja. Kama kwenu hawapungi, wapo wanaoimba kwenye kinu, wapo wanaobembeleza watoto, wapo wanaokwenda baharini, wapo wanaosoma kasida na wapo wanaoimba tenzi za kanisani. Mwombeni ruhusa kwanza. Akikataa, mshukuruni muondoke. Akikubali, kaeni mpaka amalize, msimkate. Kisha andikeni jina lake kamili, kijiji na tarehe, na kama wimbo una wakati wake au masharti yake, andikeni pia. Yale asiyotaka watu wayasikie yasisikilizwe na mtu.

Mimi kwa upande wangu nimeleta kinasa sauti kimoja kizuri, nimekikabidhi maktaba asubuhi hii, pamoja na kabati la kufunga kwa ufunguo la kuhifadhi mtakayoyaleta. Mwalimu wa Kiswahili amekubali kuwa mlezi. Wanafunzi wa zamani wenzangu, kabati lina rafu 5 na bado ni tupu. Nisaidieni kulijaza. Wengi wenu mnao mama na bibi walio hai, na mkitoka hapa jioni mtapita kwao.

Sisemi kwamba miongoni mwenu atatoka mtunzi wa okestra. Huenda akatoka, huenda asitoke. Wengi wenu mtakuwa kama mimi, watu wa mafaili na wa mashamba, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini naomba asitoke kati yenu hata mmoja ambaye, akifika umri wangu, atakuwa na dakika 60 za bei ya salfa na hana hata nusu dakika ya sauti ya bibi yake.

Chakula kiko tayari, na kengele inagongwa. Kabla hamjainuka, naomba safari hii tusikimbie. Tuisikilize mpaka iishe.